Programu ya Biti 32, Kerneli ya Biti 64, na Ombi Linalojibiwa Baadaye

Chukua Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye Raspberry Pi OS ya biti 32, uiulize maswali mawili. Ukiandika `uname -m`, inajibu `aarch64`, maana yake kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux kinachosimamia vifaa na kuzihudumia programu, ni ya biti 64. Ukiandika `getconf LONG_BIT`, inajibu 32, maana yake programu zinazokaa juu ya kerneli hiyo ni za biti 32. Majibu yote mawili ni sahihi. Tangu 2023 bodi hizo huwashwa kwa kerneli ya biti 64 hata pale ambapo mfumo uliobaki ni wa biti 32, na mwenye bodi asipouliza anaweza kuitumia miaka bila kujua kwamba ndani yake kuna mapana mawili yanayoishi pamoja.

Hapa Mwanza mchanganyiko huo si habari ya maabara. Mashine zetu huishi muda mrefu. Kompyuta iliyotoka ofisini inahamia shuleni, ikitoka shuleni inaishia stoo ya mfanyabiashara wa Makoroboi. Diski inabadilishwa, kumbukumbu inaongezwa, mfumo mpya unawekwa. Lakini programu ya mizani, au ile ya kusoma msimbopau kwenye maboksi ya minofu ya sangara, inabaki ileile ya biti 32, kwa sababu aliyeiandika hapatikani na msimbo chanzo haupo. Kila siku programu ya namna hiyo huiomba kerneli mpya iifanyie kazi, na kerneli huitika. Ombi la namna hiyo huitwa mwito. Nataka kijana anayejifunza kuandika programu Nyegezi au Buzuruga aelewe ni kazi kiasi gani hufanyika katika kuitika huko, na ni wapi panapoteleza zaidi. Panateleza pale ambapo aliyeomba hasubiri jibu.

Umbo la data linapobadilika

Tuanze na lugha ya C, maana Linux kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa C na programu huzungumza nayo kwa miundo ya data ya C. Namba ya aina ya `int` ina baiti 4 kwenye mfumo wa biti 32 na baiti 4 kwenye mfumo wa biti 64. Hapo hakuna ugomvi. `long long` ina baiti 8 kotekote. Ugomvi uko kwenye `long` na kwenye kielekezi, yaani namba inayotaja anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu: vyote viwili vina baiti 4 upande mmoja na baiti 8 upande wa pili. Muundo wowote wenye kimojawapo ndani yake hubadilika umbo ukivuka mpaka.

Mfano mzuri ni `iovec`, muundo mdogo unaoiambia kerneli kwamba data iko anwani hii na urefu wake ni huu. Kwa programu ya biti 32 una baiti 8: nne za anwani, nne za urefu. Kwa kerneli ya biti 64 una baiti 16. Sasa programu ikituma `iovec` mbili, na kerneli ikazisoma kwa kipimo chake, hizo mbili zitaonekana kama moja. Anwani yake itakuwa anwani ya kwanza na urefu wa kwanza vilivyobandikwa pamoja, na urefu wake utakuwa anwani ya pili iliyobandikwa kwenye urefu wa pili. Halafu kerneli, kwa kuwa imeambiwa ziko mbili, itaendelea kusoma baiti 16 zaidi zisizohusika kabisa. Mara nyingi mwito kama huo hurudi na kosa la `EFAULT`, yaani anwani mbaya, na programu hufa bila mtu kujua sababu.

Hata namba za miito hazifanani. Kwenye vichakato vya familia ya x86, vile vya kompyuta nyingi za mezani, mwito namba 4 wa biti 32 ni `write`, kuandika. Namba 4 ya biti 64 ni `stat`, kuuliza habari za faili. Namba 1 ya biti 32 ni `exit`, kufunga programu. Ya biti 64 ni `write`. Kwa hiyo kerneli ya biti 64 hubeba majedwali mawili, na mlango ambao programu imepitia kuingia ndio unaoamua jedwali lipi lisomwe.

Nyuma ya jedwali la biti 32 kuna tabaka la uoanifu. Kwa kila mwito ambao umbo la data yake hutegemea upana, kuna toleo la pili lenye jina linaloanza na `compat`. Kazi yake ni kusoma umbo dogo, kulipanua liwe umbo kubwa, na kukabidhi kazi kwa msimbo uleule unaohudumia programu za biti 64. Mahali pengine ndani ya kerneli, ambapo kuandika toleo la pili kungekuwa kazi ya bure, huulizwa swali moja kupitia `in_compat_syscall()`: je, mwito unaoendelea sasa umeingilia mlango wa biti 32? Tafadhali lishike neno "sasa", kwa sababu baadaye litatugharimu.

Kuna mtego mmoja ambao mimi nauhesabu kuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu unamnasa hata aliyekwisha kujihadhari. Mwandishi ameambiwa asitumie `long` wala kielekezi, akatii, akaandika muundo wenye namba moja ya baiti 4 ikifuatwa na namba moja ya baiti 8. Anaamini yuko salama. Lakini kwenye x86 ya biti 32, namba ya baiti 8 iliyo ndani ya muundo inaruhusiwa kuanza kwenye anwani yoyote inayogawanyika kwa 4. Kwenye x86 ya biti 64 ni lazima igawanyike kwa 8. Kwa hiyo muundo wake una baiti 12 upande mmoja, na baiti 16 upande wa pili baada ya kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kuchomeka baiti 4 tupu katikati. ARM ya biti 32, familia ya kichakato cha Raspberry Pi, ina kanuni ya 8, hivyo kosa hilo halionekani kwenye Raspberry Pi, linakuja kuibuka siku programu inapohamishiwa kwenye kompyuta ya mezani. Muundo wa `epoll_event`, ambao seva nyingi duniani hutumia kungojea matukio ya mtandao, una umbo hilohilo. Waandishi wa Linux waliukwepa mtego kwa kuubana kwa nguvu kwenye x86 ya biti 64, na hadi leo una baiti 12 huko kama ulivyo kwenye biti 32.

Mwenye oda akishaondoka

Hayo yote yana dawa nyepesi maadamu mwito ni wa kusubiri. Programu inapiga mwito, uzi wake, yaani mfululizo wa amri unaotekelezwa, unaingia ndani ya kerneli, unafanya kazi, unatoka na jibu. Anayefanya kazi ndiye aliyeomba. Ukimuuliza upana wake wakati wowote katikati ya kazi, atakujibu kweli.

Mwito usiosubiri hauko hivyo. Programu inaacha ombi, inaendelea na shughuli zake, na jibu linakuja likiwa tayari. Fikiria soko la Mwaloni, Kirumba. Mteja amesimama mbele yako anasema "nipe ndoo tatu za dagaa". Unaiona ndoo aliyoishika, unajua ni ya lita 10 au ya lita 20, huna haja ya kuandika chochote. Lakini mteja akiacha oda kwa kijana wa stoo na kwenda Igogo, na jioni anayepima ni mtu mwingine kabisa, basi ukubwa wa ndoo lazima uwe umeandikwa kwenye oda. Mpimaji akitazama ndoo iliyo mkononi mwake mwenyewe, atapima vizuri sana kwa kipimo kisicho cha mteja.

Linux imepita njia hii zaidi ya mara moja, na kila safari imejifunza kitu. Mfumo wa kwanza rasmi wa miito isiyosubiri, uitwao AIO, uliingia wakati wa toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, ukiwa na miito kama `io_setup`, `io_submit` na `io_getevents`. Waliouunda walikuwa na macho. Muundo wa ombi, `iocb`, una baiti 64 kamili kwa upande wowote. Anwani ya data ndani yake imeandikwa kama namba ya baiti 8 hata kwa programu ya biti 32 ambayo kielekezi chake ni baiti 4. Muundo wa jibu una baiti 32, nao haubadiliki.

Hata hivyo upana ulipenya kupitia nyufa zilizobaki. Ombi lenyewe lilikuwa na umbo moja, lakini `io_submit` hupokea safu ya vielekezi vinavyoelekeza kwenye maombi, na safu hiyo ina hatua za baiti 4 au 8 kutegemea aliyeituma. Namba ya utambulisho ambayo `io_setup` huirudisha ni `long`. Muda wa kungojea ulikuwa `timespec` ya zamani, muundo wa sekunde na sehemu zake, baiti 8 au 16. Kila kimoja kilihitaji mlango wake wa uoanifu.

Ufa mkubwa zaidi ulikuwa hatua moja ndani. Maombi ya kusoma na kuandika vipande vingi kwa mpigo hutumia sehemu ya anwani kuelekeza kwenye safu ya `iovec`. Ombi limekaa vizuri, baiti 64, anwani ni baiti 8, kila kitu safi. Lakini kinachoelekezwa na anwani hiyo ni `iovec` zilizoandikwa na programu ya biti 32, zenye baiti 8 kila moja, na kerneli ilikuwa ikizisoma kama zake. Marekebisho yaliingia 2010: tangu hapo habari kwamba aliyeomba ni wa biti 32 inabebwa kutoka mlangoni hadi pale `iovec` zinaposomwa. Hilo ni somo ambalo ningependa lining'inie ukutani kwa kila anayeunda muundo wa data. Kuusafisha muundo wa juu hakutoshi. Fuata kila kielekezi hadi kinakoishia, na uangalie kilichoko huko kimeandikwa kwa upana wa nani.

Februari 2007 Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa Linux, alipendekeza njia nyingine, iliyoitwa syslets, ambamo programu ingepanga mnyororo wa miito na kuikabidhi kerneli iuendeshe yenyewe. Wazo lilikuwa na uzuri wake, ila ona linavyoligeuza tatizo letu: kila kiungo cha mnyororo kinaweza kuwa mwito wowote ule, wenye vigezo vyovyote, hivyo swali la upana linaibuka upya kwenye kila kiungo. Pendekezo hilo halikuwahi kuingizwa kwenye Linux.

Mei 2019, toleo la 5.1 lilileta `io_uring` ya Jens Axboe, na huu ndio mfumo ambao mtu anayeanza leo atakutana nao. Programu na kerneli wanashirikiana pete mbili, yaani foleni zinazozunguka, kwenye kumbukumbu: moja ya maombi, moja ya majibu. Kwa kawaida ombi lina baiti 64, jibu lina baiti 16, na kila sehemu imetajwa upana wake waziwazi, bila `long` hata moja. Hata miito mitatu inayouendesha ina namba zilezile, 425, 426 na 427, kwenye x86 ya biti 32 na ya biti 64, na pia kwenye ARM. Muda unaandikwa kwa `__kernel_timespec`, ambayo ni baiti 16 kwa kila mtu. Hivyo programu ya biti 32 inaweza kutaja saa iliyo mbele ya ule wakati ambapo hesabu ya sekunde ya biti 32 itafurika, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Mwanza. Kuna hata busara kwenye jibu: matokeo yana baiti 4 tu, na zinatosha, kwa sababu Linux hairuhusu kusoma au kuandika zaidi ya baiti 2,147,479,552 kwa mwito mmoja, upana uwe wowote.

Ungesema basi yamekwisha. Hayajaisha, na hapa ndipo lile neno "sasa" linapotudai.

`io_uring` ina hali moja iitwayo SQPOLL. Ndani yake, uzi wa kerneli hukaa ukiitazama pete ya maombi bila kuchoka. Programu inaandika ombi kwenye kumbukumbu, uzi unaliona, unalichukua, unalifanyia kazi. Programu haikupiga mwito wowote. Hakuna mlango uliopitiwa. Sasa msimbo fulani ndani ya kerneli unauliza `in_compat_syscall()`: je, mwito unaoendelea umeingilia mlango wa biti 32? Hakuna mwito unaoendelea. Anayefanya kazi ni uzi wa kerneli, na kerneli ni ya biti 64, kwa hiyo, kabla ya mabadiliko ya toleo la 5.12 tutakayoyafikia, jibu lilikuwa hapana, hata kama aliyeandika ombi ni programu ya biti 32.

Tuone madhara yake kwenye kifaa kinachojulikana. Skana ya msimbopau inayochomekwa kwa USB, kwa kawaida, hujitambulisha kama kibodi, na Linux huitoa kupitia faili la matukio ambalo programu hulisoma. Kila tukio ni muundo wenye muda na namba ya kitufe. Kwa programu ya biti 32 tukio lina baiti 16. Kwa programu ya biti 64 lina baiti 24, kwa sababu sekunde na sehemu zake ni `long`. Draiva, yaani msimbo wa kerneli unaoendesha kifaa, huamua itoe umbo lipi kwa kuuliza swali lilelile la `in_compat_syscall()`. Programu ya biti 32 ikisoma kwa `read` ya kawaida, inapata 16, kila kitu kinakwenda sawa. Ombi hilohilo likitekelezwa na uzi wa kerneli wa namna hiyo kwa niaba yake, draiva inaweza kutoa 24. Programu inazikata baiti hizo katika vipande vya 16, na kuanzia tukio la kwanza namba zinakuwa hazina maana. Hakuna kosa linaloripotiwa. Boksi la minofu linasajiliwa kwa msimbo ambao haupo duniani, na anayelaumiwa ni skana.

Septemba 2020 jambo hili lilijadiliwa kwa kina miongoni mwa wasimamizi wa Linux. Christoph Hellwig alikuwa anataka kuondoa marudio: badala ya kila mwito wa `readv` na `writev`, ya kusoma na kuandika vipande vingi kwa mpigo, kuwa na toleo lake la biti 32, kazi ya kusoma `iovec` itambue yenyewe upana wa aliyeomba. Nyuzi za `io_uring` zikawa kikwazo, kwa sababu hiyo niliyoieleza. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa kuubandika uzi alama, `PF_FORCE_COMPAT`, kila unaposhughulikia ombi la programu ya biti 32, ili ukiulizwa ujibu kana kwamba ni wa biti 32. Al Viro, msimamizi wa tabaka la mafaili, alionyesha kwamba draiva zinazobadilisha umbo la data kwa kutazama anayeendelea sasa ni kadhaa, matukio ya kibodi yakiwemo. Alama haikupita. Kilichopita ni kitu chepesi zaidi: kazi ya kusoma `iovec` sasa hupokea kigezo cha ziada kinachosema moja kwa moja kama data ni ya biti 32, na `io_uring` hukijaza kutokana na ilichokiandika yenyewe mwanzoni.

Naliona chaguo hilo kuwa sahihi, na sababu yangu ni hii. Alama kwenye uzi inaendeleza tabia ya kuuliza "nani yuko hapa sasa", ila inafundisha uzi kudanganya vizuri. Kigezo kinachosafiri pamoja na ombi kinaua swali lenyewe. Msomaji wa msimbo anaona upana ukiingia na ukitoka, hana haja ya kukisia ni uzi gani utakaokuwa umeshika kazi.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimweleza haya alinikatiza: "Kaka, si kerneli iangalie tu faili la programu, ione ni ya biti ngapi, yakaisha?" Swali zuri, na jibu linategemea kichakato. Kwenye ARM ya biti 64, uzi huwa wa biti 32 au 64 tangu programu inapopakiwa, na hauwezi kubadilika katikati ya safari. Kwenye x86 mambo ni tofauti: programu halali ya biti 64 inaweza kutekeleza amri ya `int 0x80` na kuingia kwa mlango wa zamani wa biti 32, kisha mwito unaofuata ikaingilia mlango wake wa kawaida. Upana hapo ni sifa ya mwito, si ya programu. Ndiyo maana jina la lile swali linataja mwito na si mchakato, yaani programu inayoendeshwa.

Kwa hiyo kila mfumo wa miito isiyosubiri lazima uamue upana unapigwa picha lini. Ile AIO ya zamani huipiga ombi linapowasilishwa. `io_uring` huipiga mapema zaidi, pete inapoundwa: kerneli inajiuliza mara moja tu, inaandika jibu kwenye kumbukumbu za pete, na maombi yote ya pete hiyo yanahesabiwa kuwa ya upana huo. Ina gharama yake. Pete ni faili, na faili linaweza kukabidhiwa mchakato mwingine. Mchakato wa biti 64 ukiunda pete na kumpa wa biti 32, yule wa pili atasomwa kwa upana wa wa kwanza. Sijaona sababu ya kawaida ya kufanya hivyo, lakini anayeandika programu ya kugawana pete ajue kanuni iko upande gani.

Picha ya upana peke yake haitoshi pia. Ikiwa `iovec` zitasomwa baada ya programu kuendelea, programu inaweza kuwa imeshatumia kumbukumbu hiyo kwa jambo lingine. Kuanzia toleo la 5.5, `io_uring` hutangaza kwamba data ya kuelezea ombi huwa imekwisha kunakiliwa ombi linapokubaliwa, hivyo tafsiri kutoka umbo la biti 32 inafanyika mapema. Na mwaka 2021, toleo la 5.12 lilibadilisha asili ya wafanyakazi wake, yaani nyuzi zinazotekeleza maombi: badala ya nyuzi za kerneli zinazovaa utambulisho wa watu, huzaliwa kutokana na mchakato wenyewe ulioomba. Tatizo la nyuzi kutomjua mwenye kazi, ambalo upana ulikuwa tawi moja tu la tatizo hilo, lilipungua sana.

Upande wa anayeandika programu

Si kila kosa ni la kerneli. Kuna moja ambalo programu ya biti 32 hujiletea, na hufichwa na mazingira kwa ustadi mkubwa. Ombi linataka anwani ya baiti 8, wewe una kielekezi cha baiti 4, basi unakipanua. Ukipitia `long` njiani, ambayo inaruhusu namba hasi, anwani yoyote kuanzia 0x80000000 kwenda juu huhesabiwa kuwa hasi, na kupanuliwa kwake kunajaza herufi F mbele: 0xFFFFFFFF80000000. Kwenye kerneli ya biti 32 kosa hili halionekani, kwa kuwa kerneli hukata baiti nne za juu na kubaki na anwani iliyo sawa. Kwenye kerneli ya biti 64 hakuna kinachokatwa. Anwani inasomwa ilivyo, inaangukia eneo la kerneli lenyewe, na mwito unarudi na `EFAULT`. Tena, programu ya biti 32 juu ya kerneli ya biti 64 ya x86 hupewa karibu GB 4 zote za anwani, na rafu yake ya kazi, sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi vigezo vya muda, hukaa juu kabisa, hivyo kigezo chochote kilichoko kwenye rafu kina biti ya juu iliyowaka. Panua kupitia `uintptr_t`, isiyojua hasi, na tatizo halizaliwi. Nimeona watu wakibadilisha mfumo mzima wa kompyuta kwa sababu ya hilo neno `long` moja.

Ukiwa unaunda muundo wako mwenyewe, kwa draiva ya mizani au kifaa cha kupimia kina cha maji, zitaje baiti zako zote. Panga namba za baiti 8 zianze kwenye nafasi zinazogawanyika kwa 8. Palipo na nafasi tupu, usimwachie kompaila aijaze kimyakimya. Iandike wewe kama sehemu ya akiba, dai iwe sifuri, na ulikatae ombi kwa `EINVAL`, yaani kigezo kisichofaa, ikiwa si sifuri. `io_uring` inafanya hivyo kwenye miundo yake, na faida ni kwamba siku utakapohitaji kipengele kipya, sehemu ya akiba bado ni safi na hakuna programu ya zamani iliyoacha takataka humo. Kwa muundo wa zamani usiobadilishika, andika toleo la pili la umbo na uchague kati ya hayo mawili kwa upana uliorekodiwa pamoja na ombi.

Kupima si kugumu. Kwenye kompyuta ya x86, kompaila ya GCC hupokea `-m32`. Jenga programu ndogo inayochapisha `sizeof` (ukubwa) na `offsetof` (nafasi inapoanzia) ya kila sehemu, ijenge mara mbili, linganisha. Chombo kiitwacho `pahole` huonyesha mashimo yaliyomo ndani ya muundo. Kisha endesha ile ya biti 32 juu ya kerneli ya biti 64, bafa zake, yaani maeneo ya kumbukumbu inayowekea data, zikiwa kwenye anwani za juu ya GB 2, mara ya kwanza kwa miito ya kawaida, mara ya pili kupitia `io_uring`, mara ya tatu SQPOLL ikiwa imewashwa. Baiti zinazorudi zikitofautiana kati ya mizunguko hiyo mitatu, kuna msimbo mahali fulani unaouliza upana wa anayefanya kazi badala ya upana wa aliyeomba.